Dawa Isiyostahili Kuonewa Haya

Huenda mama wa Galbet, mjini Garissa, akaandikiwa na daktari kidonge kiitwacho sildenafili, kisha akaona haya kukiulizia katika duka la dawa, kwa kuwa watu wamekizoea kuwa ni dawa ya nguvu za kiume. Tumeona ni wajibu wetu kuzieleza familia jambo hili, kwani haya hiyo yaweza kugharimu uhai.

Yapo maradhi ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, ikadhuru tishu zinazoshikanisha viungo. Miongoni mwake ni lupasi na skleroderma, ugonjwa wa kukakamaa ngozi. Yote mawili huwapata zaidi wanawake. Kwa baadhi ya wagonjwa, mishipa ya damu ya mapafuni husinyaa, shinikizo humo likapanda na upande wa kulia wa moyo ukaelemewa. Kipimo cha mkononi hakilioni shinikizo hili. Dalili zake ni kuhema kwa kazi ndogo kama kubeba jerikeni ya maji, kuzirai, na kuvimba miguu. Picha ya moyo ya mawimbi ya sauti hutoa ishara. Uthibitisho hupatikana kwa mrija mwembamba unaopitishwa mshipani hadi moyoni.

Sildenafili huilegeza mishipa hiyo. Marekani iliiidhinisha kwa maradhi haya mwaka 2005, na kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 20 mara tatu kwa siku. Isichanganywe kamwe na dawa za moyo za jamii ya naitreti, kwani shinikizo la damu mwilini huweza kuporomoka ghafla. Dawa nyingine, bosentani, huzuia kemikali inayobana mishipa. Anayeitumia hupimwa ini kila mwezi. Mwenye lupasi huenda akaongezewa dawa za kutuliza kinga.

Mume na mke wajue mambo mawili. Kwanza, mimba ni hatari kubwa kwa mwenye maradhi haya. Pili, bosentani humdhuru mtoto tumboni, na hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Mashauri na daktari yatangulie.

Ama Ramadhani, mgonjwa asijikatishie dawa ili afunge. Surat al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, imempa mgonjwa ruhusa. Ipo pia tadalafili, dada yake sildenafili, inayomezwa mara moja kwa siku; daktari ndiye wa kuamua kama yafaa.

Enyi akina baba, chukueni cheti cha daktari mkanunue dawa hiyo wenyewe. Kumwondolea mke haya ni sehemu ya kumtunza. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.