Trauti na Mpaka wa Maji Baridi

Trauti ni samaki wa maji baridi, na katika Afrika Mashariki huishi milimani tu. Aliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905 na kupandikizwa katika Mto Gura, kwenye safu ya Aberdare. Baadaye akaenezwa katika mito ya Mlima Kenya, ikiwemo Thego na Naro Moru. Mito hiyo huteremka hadi nyanda za joto, lakini trauti hafuatani nayo hadi huko. Anapokomea yeye hutamba kambare na perege.

Kinachomzuia ni joto la maji. Samaki walio wengi hawawezi kujitunzia joto la mwili: damu hupita kwenye matamvua, ikitengwa na maji kwa utando mwembamba mno, hivyo mwili hupoa au kupata moto pamoja na maji. Maji yakipata joto, kazi za mwili huenda mbio na haja ya oksijeni huongezeka. Wakati huohuo oksijeni yenyewe hupungua: katika usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11.3, yakifika nyuzi 20, hubeba 9.1 tu. Mlimani hewa ni nyepesi, na oksijeni ingekuwa haba zaidi kama si baridi, pamoja na maporomoko yanayoyachanganya maji na hewa.

Trauti hustawi kwenye nyuzi 12 hadi 16 hivi. Zikipita 20 hutaabika, na zikifika 25 kwa muda mrefu huweza kufa. Ndiyo maana hata ndani ya mto mmoja huchagua pa kukaa. Jua la mchana likiwa kali, huyaacha maji ya wazi, ingawa ndiko wadudu wanakoelea kwa wingi, akajibanza chini ya ukingo uliomegwa na mkondo au pale chemchemi inapoingia mtoni. Hukaa hapo ameukabili mkondo, mdomo ukifunguka na kufumba upesi, chakula kikimpita bila kukigusa. Trauti ambao siku nyingine hufukuzana, hapo husongamana.

Mayai hayana pa kukimbilia. Jike huchimba changarawe kwa mkia, huyataga humo na kuyafukia. Kwenye nyuzi 10, mayai ya trauti wa upinde wa mvua, mojawapo ya aina za trauti, huanguliwa kwa takriban mwezi mmoja; zikizidi 13 hivi, yanayoharibika huongezeka. Kwa hiyo mto wenye trauti wakubwa unaweza kukosa kabisa mahali pa kuzaliana.

Hapa msitu una uzito ambao mara nyingi husahauliwa. Miti ya kingoni hukinga jua, na udongo wake hunyonya mvua na kuitoa polepole kama chemchemi baridi. Msitu ukikatwa, maji hupata joto na makazi ya trauti hurudi nyuma kuelekea kileleni, ambako mto ni mwembamba na chakula ni kidogo. Wafugaji wa trauti nao hufungwa na sharti hilohilo: mabwawa yao hujengwa karibu na vijito vya mlimani, maji yakiingia na kutoka bila kusimama, yasipate muda wa kuchemshwa na jua.