Utajiri wa Nchi Ni Nini?

Watu wengi hudhani ya kuwa nchi tajiri ni ile yenye dhahabu na fedha nyingi katika hazina ya serikali yake. Dhana hiyo si ngeni. Wafalme wa Ulaya waliishika kwa muda mrefu, na yaliyoipata Hispania yatosha kuonyesha kosa lake.

Katika mwaka 1545 Wahispania walipata mlima wenye madini ya fedha mahali paitwapo Potosí, katika nchi ambayo leo ni Bolivia. Baadaye wenyeji walitolewa vijijini mwao kwa zamu za lazima ili kuyachimba, na wengi walifia huko. Merikebu zilivuka bahari mwaka hata mwaka zikiwa zimesheheni madini hayo. Lakini wingi wa sarafu haukuongeza ngano shambani wala nguo kwa wafumaji. Sarafu zilizidi upesi kuliko vitu vya kununuliwa, na hiyo ilikuwa sababu kubwa mojawapo ya bei kupanda zaidi ya mara tatu katika muda wa miaka mia. Maskini aliyeishi kwa ujira wake alizidi kutaabika kupata mkate. Hata mfalme, aliyeitumia mali hiyo katika vita na kukopa zaidi, alishindwa kuwalipa waliomwia katika miaka ya 1557, 1575 na 1596.

Mwaka 1776 mtaalamu mmoja wa Uskoti, Adam Smith, alitoa kitabu kilichofundisha ya kuwa utajiri wa taifa ni vile vitu ambavyo kazi ya watu wake huvitoa kila mwaka, wala si sarafu zilizofungiwa sandukuni. Alitoa mfano wa karakana ndogo ya pini. Mtu mmoja asiyefundishwa kazi hiyo, akifanya yote peke yake, hawezi kumaliza pini ishirini kwa siku. Lakini watu kumi waliogawana kazi, huyu akinyosha waya, yule akiukata, mwingine akiuchonga ncha, waliweza kutengeneza pini 48,000 kwa siku. Nguvu zao hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni ustadi na mpango. Ndiyo sababu shule, zana njema na njia za kupeleka vitu sokoni huitajirisha nchi kuliko shimo la dhahabu peke yake.

Hata hivyo, kuzidi kwa vitu hakutoshi kuonyesha ya kuwa watu wote wanastarehe. Mwaka 1934 Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kuhesabu pato la taifa la Marekani, alilionya bunge la nchi hiyo ya kuwa hali njema ya watu haiwezi kujulikana kwa hesabu hiyo tu.

Maana ya onyo hilo ni rahisi kuiona. Tufikiri kijiji chenye nyumba kumi. Nyumba tisa hupata shilingi 100 kila moja, na nyumba ya kumi hupata shilingi 1,100. Jumla ni shilingi 2,000, na mwenye kuhesabu atasema kila nyumba hupata shilingi 200, ingawa hakuna hata moja yenye kupata kiasi hicho. Mwaka ufuatao, nyumba ile ya kumi ikipata shilingi 3,100, wastani utakuwa shilingi 400. Itatangazwa ya kuwa pato la kijiji limekuwa maradufu, na hesabu itakuwa sahihi. Lakini katika nyumba tisa chungu kitakuwa kile kile cha jana.

Basi mtu asikiapo ya kuwa uchumi wa nchi umekua, na aulize maswali mawili: Je, ni vitu gani vilivyozidi kutolewa na mikono ya watu? Na faida yake imefika nyumba ngapi?