Zana za Bure za Mtandaoni katika Ufundishaji wa Kiswahili: Mwalimu wa Butare Aanzie Wapi?

Katika toleo hili tunapenda kueleza namna mwalimu wa Kiswahili anavyoweza kutumia zana za teknolojia zinazopatikana bure mtandaoni. Mada hii imeandikwa sana, lakini mara nyingi kwa ajili ya mwalimu mwenye maabara ya kompyuta, umeme usiokatika na darasa la watu 15. Sisi tumeamua kumwandikia mwalimu mwingine. Tumfikirie aliyepangiwa shule katika kata ya Butare, Wilaya ya Rusizi, eneo ambalo wengi bado huliita Cyangugu. (Asichanganye msomaji: hii si Butare ya Huye yenye historia ya chuo kikuu, bali ile iliyo kusini-magharibi mwa Rwanda, katika wilaya inayopakana na Kongo na Burundi.) Mwalimu huyo ana ubao, chaki, wanafunzi wengi, nakala chache za kitabu na simu moja ya mkononi, ambayo ni yake mwenyewe. Wanafunzi wake hawaji na simu darasani. Je, zana za mtandaoni zina faida gani kwake?

Kwa nini suala hili lina uzito

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, miaka 10 baada ya nchi hii kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tamko la sheria halimfundishi mtu kusema. Kwa mwanafunzi wa Rusizi, Kiswahili ni lugha ya soko la Kamembe, ya mpaka wa Bukavu na ya biashara ya Bugarama. Anapofika darasani anaambiwa kuwa kile alichokisikia sokoni si sahihi, na kile kilicho sahihi hakisikii popote isipokuwa kinywani mwa mwalimu mmoja. Mwalimu huyo naye huenda alijifunza lugha hii ukubwani. Hapa ndipo tunapoona kazi ya zana hizi. Faida yake ya kwanza ni kumletea mwanafunzi sauti na maandishi ya Waswahili wengine, ili mwalimu asibaki kuwa chemchemi pekee ya lugha.

Aidha, Rwanda imeshajifunza kuwa mashine peke yake haitoshi. Kuanzia mwaka 2008 shule za msingi zilipokea zaidi ya kompyuta ndogo 200,000 chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Chombo kikifika bila somo lililoandaliwa, hubaki kabatini. Hivyo basi, ushauri wetu ni kwamba mwalimu aanze na tatizo la mwanafunzi, kisha atafute zana ya kulitatua. Tutatazama matatizo matatu.

1. Tatizo la sikio

Kinyarwanda hakina maneno mawili yanayotofautishwa na l na r peke yake. Kwa sababu hiyo mwanafunzi husema "karamu" akimaanisha kalamu, na "kura" akimaanisha kula. Vilevile sauti za dh, th na gh ni ngeni kwake, hivyo dhana inakuwa zana na thamani inakuwa samani. Kumkosoa kila mara anapokosea hakusaidii sana, maana sikio lake bado halijatenganisha sauti hizo. Asichokisikia hawezi kukitamka.

Zana inayofaa hapa ni ya kunasa sauti. Karibu kila simu ya kisasa ina kinasa sauti. Mwenye kompyuta anaweza kutumia Audacity, programu huria iliyoanza kutolewa mwaka 2000, ambayo huonyesha sauti kama mchoro wa mawimbi na kumwezesha mtu kukata kipande na kukirudia. Tunapendekeza hatua zifuatazo:

(a) Mwalimu anase jozi za maneno kutoka kwa msemaji anayezitofautisha vizuri: kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari, dhana na zana. Kama yeye mwenyewe ana shida na sauti hizo, amwombe mwenzake aliye Tanzania au Kenya amtumie kwa WhatsApp. Hilo si jambo la kuonea haya.

(b) Darasani acheze neno moja moja, na wanafunzi waandike 1 au 2 kulingana na neno walilosikia. Wasitamke bado.

(c) Baada ya vipindi kadhaa, wanafunzi wachache wanaswe wakitamka, na wenzao wakisie ni neno lipi. Mwanafunzi anayesikia wenzake wakiandika "karamu" baada ya yeye kukusudia kalamu huelewa kosa lake haraka kuliko akisahihishwa na mwalimu.

Zoezi hili linahitaji simu moja na spika ndogo. Halihitaji intaneti wakati wa kipindi.

Kwa usikilizaji mrefu zaidi kuna matangazo ya redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na RFI ilianzisha matangazo yake ya Kiswahili mwaka 2010. Habari za namna hii hupatikana mtandaoni na zinaweza kupakuliwa. Dakika mbili zinatosha kabisa. Mwalimu achague habari ambayo wanafunzi wanaijua tayari kwa Kinyarwanda, ili ugumu ubaki kwenye lugha tu.

2. Tatizo la undugu wa lugha

Kinyarwanda na Kiswahili ni lugha za Kibantu, na undugu huo ni mtaji mkubwa. Umuntu ni mtu, umwana ni mwana, amazi ni maji. Lakini undugu huo pia hudanganya. Kinyarwanda kina kanuni ya kubadili ku- ya kitenzi kuwa gu- mbele ya konsonanti kama t, k na s. Mwanafunzi akishaijua, hudhani kwamba akirudisha ku- tu amekwisha kupata Kiswahili. Guteka kwa Kinyarwanda ni kupika chakula, lakini kuteka kwa Kiswahili ni kuchota maji kisimani, au kumkamata mtu kwa nguvu. Mwanafunzi akiandika "mama anateka wageni", mwalimu wa Butare ataelewa, ila msomaji wa Tanga atashtuka. Vivyo hivyo kuruka, ambako kwa Kiswahili ni kwenda juu au kupaa, kwa Kinyarwanda ni kutapika.

Kwa tatizo hili tunapendekeza matini za lugha mbili. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, zikiwamo Kiswahili na Kinyarwanda. Leseni yake inaruhusu kuchapisha, kunakili na hata kutafsiri bila malipo. Mwalimu anaweza kuchapisha hadithi moja kwa lugha zote mbili, akaitumia mwaka mzima. Wanafunzi wawili wawili wapige mstari chini ya maneno yanayofanana, kisha watenganishe yale yenye maana moja na yale ya uongo. Orodha hiyo ibandikwe ukutani na iongezwe kila juma. Baada ya muhula mmoja darasa litakuwa na faharasa yake yenyewe.

Kuna pia Google Translate, iliyoongeza Kiswahili mwaka 2009 na Kinyarwanda mwaka 2020, na siku hizi kuna programu za akili unde zinazojibu maswali na kuandika insha nzima. Haifai kujifanya kuwa hazipo, kwani mwanafunzi akienda nyumbani kwa ndugu mwenye simu atazitumia. Ni afadhali ziletwe darasani na kuhojiwa. Mwalimu aandike ubaoni tafsiri iliyotolewa na mashine na awaulize wanafunzi: Upatanisho wa ngeli ni sahihi? Neno hili lingetumiwa na mtu mzima akizungumza na mkubwa wake? Sentensi hii Mswahili angeisema hivi? Mwanafunzi anayeweza kuikosoa mashine ameshaijua lugha kuliko yule anayeinakili. Insha za kutathmini uwezo, kwa upande mwingine, ziandikwe darasani kwa kalamu.

3. Tatizo la usomaji na uandishi

Vitabu ni vichache. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala zaidi ya 80,000. Ubora wake unatofautiana sana: zipo makala nzuri za jiografia na wanyama, na zipo za mistari miwili yenye makosa. Kwa mwalimu kasoro hiyo nayo ina kazi yake, maana makala fupi yenye makosa ni zoezi tayari la kusahihisha.

Kwa shule isiyo na intaneti ipo Kiwix, programu huria inayomwezesha mtu kupakua Wikipedia na kuisoma bila mtandao. Mwalimu akifika mjini Kamembe penye mtandao mzuri, apakue faili la Kiswahili mara moja kwenye kadi ya kumbukumbu na arudi nalo. Faili la Kiswahili ni dogo mno likilinganishwa na la Kiingereza. Bando moja humpa maktaba ya miezi mingi.

Zoezi kubwa zaidi ni kuandika. Wanafunzi wa Rusizi wanayajua mambo ambayo hayajaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili: mashamba ya mpunga ya Bugarama, chai, msitu wa Nyungwe, kisiwa cha Nkombo katika Ziwa Kivu. Darasa linaweza kuandika aya tano, mwalimu akazihakiki na kuziweka kwenye Wikipedia. Mwanafunzi anayejua kuwa maandishi yake yatasomwa na mtu wa Mombasa huchunga upatanisho wake kwa namna ambayo alama nyekundu za mwalimu hazijawahi kumfundisha.

Je, Kiswahili cha sokoni kitupwe?

Tunasema hapana. Mwanafunzi aliyekulia karibu na mpaka husema "batoto" kwa watoto na "lopitali" kwa hospitali, kama wasemavyo watu wengi wa mashariki ya Kongo. Umbo la kwanza linafanana na abana na abantu wa Kinyarwanda, na la pili linatokana na Kifaransa. Haya si matusi kwa lugha. Mwalimu anase mazungumzo mafupi ya sokoni (kwa idhini ya wanaozungumza), ayalinganishe na habari ya redio, na wanafunzi watengeneze jedwali la safu mbili: tunavyosema sokoni, tunavyoandika katika mtihani. Kwa njia hii mwanafunzi hajifunzi kumdharau mama yake anayeuza samaki Kamembe, na wakati huohuo anaipata lugha sanifu anayoihitaji Arusha au Dodoma.

Tahadhari

Kwanza, "bure" ina gharama zake. Bando, umeme na muda wa kujiandaa humtoka mwalimu mwenyewe. Ndiyo maana tumependekeza zana zinazopakuliwa mara moja na kutumika mara nyingi.

Pili, kitu cha bure huweza kufungwa. Walimu wengi duniani walikuwa wameweka mazoezi yao Wikispaces, huduma hiyo ikafungwa mwaka 2018. Yahoo Groups nayo ilifungwa mwaka 2020. Kila zoezi ulilotengeneza weka nakala kwenye kadi, na jingine kwenye karatasi.

Tatu, sauti na picha za watoto zisisambazwe bila ruhusa ya wazazi na ya shule. Kilichonaswa kwa ajili ya darasa kibaki darasani.

Tusiwe walaji tu

Wanyarwanda tayari wameonyesha mfano katika jambo hili. Katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao hukusanya sauti za watu wanaosoma sentensi ili kompyuta zijifunze kuelewa usemi, wasemaji wa Kinyarwanda walichangia zaidi ya saa 2,000, na kuifanya lugha hiyo kuwa miongoni mwa zenye sauti nyingi zaidi katika mkusanyo huo. Kiswahili kilijiunga mwaka 2021. Vilevile tukumbuke kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kazi hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Zilifanywa na watu waliokaa chini wakasoma sentensi, wakajadili istilahi na kusahihisha makosa, mara nyingi kwa kujitolea. Walimu na wanachuo wa Kiswahili wana ujuzi hasa unaohitajika katika kazi kama hizo.

Kwa kumalizia, tunamshauri mwalimu asijaribu zana zote kwa pamoja. Muhula huu achague tatizo moja na zana moja. Kwa Butare tungeanza na sikio, kwa sababu linahitaji vifaa vichache zaidi na matokeo yake husikika mapema. Akikuta kwamba baada ya majuma sita darasa lake linatofautisha kalamu na karamu, atakuwa amepata sababu ya kuendelea. Akikuta halijatofautisha, atakuwa na nakala za sauti za kumwonyesha mwenzake na kumwuliza amekosea wapi.

Tunawaalika walimu na wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha watuletee jozi za maneno, orodha za maneno ndugu na mazoezi waliyoyajaribu, yaliyofaulu na yaliyoshindwa, ili tuyachapishe katika matoleo yajayo.