Bua lisilo na majani katika mabonde ya Nunguni

Ukishuka Nunguni kuelekea mabonde ya Kilungu, tafuta maji yasiyofika magotini: pembeni mwa shamba la nduma, juu ya bwawa la mchanga, au palipo na chemchemi ambayo mikaratusi haijaikausha bado. Mkulima anayepalilia nduma hung'oa kila kinachoota hapo, na simlaumu. Ila miongoni mwa magugu hayo huenda kuna Eleocharis, jamaa ya ndago na mafunjo.

Kuitambua jenasi hii si kazi. Inama, upapase bua hadi kwenye matope. Ndago ina majani marefu, hii haina. Majani yake yamesalia kuwa ala nyembamba tu inayovika sehemu ya chini ya bua, na bua lenyewe ndilo linalojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kisha tazama ncha. Pawe na suke moja tu, bila tawi, bila jani la kulizunguka. Masuke yakiwa mengi, au suke likichomoza ubavuni, huo ni mmea mwingine.

Ugumu uko kwenye spishi, maana zimepita 200 duniani. Vitabu vya Ulaya vitakutajia E. palustris, iliyozoeleka huko na Marekani Kaskazini. Usikubali upesi, Afrika Mashariki ina zake. E. dulcis ina bua lenye uwazi ndani na viwambo vilivyokingama, unavisikia ukilibana kwa vidole; Wachina hula viazi vyake. Bua la E. acutangula lina pembe tatu kali. E. atropurpurea ni fupi, mabua kama nyuzi, mbegu nyeusi zinazong'aa.

Na mbegu ndiyo hakimu. Juu yake hubaki kikofia kidogo, na umbo la kikofia hicho hutenganisha spishi nyingi. Bila kioo cha kukuzia huoni kitu, na picha ya simu haitoshi. Wataalamu wa mimea Haines na Lye waliyaeleza haya yote mwaka 1983 katika kitabu chao kuhusu jamii ya ndago Afrika Mashariki. Ukikwama, kausha mmea mzima na mizizi yake ndani ya gazeti, uandike mahali na tarehe, uupeleke kwenye hifadhi ya mimea ya Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Uuchume mvua zikishapungua, suke likigeuka hudhurungi, kabla ng'ombe hawajateremka kunywa.