Trauti ni Shahidi wa Mto

Kiangazi cha mwanzo wa mwaka kinapokaribia kwisha, mito ishukayo kutoka Mlima Kenya hudhoofu. Naro Moru, Burguret, Nanyuki na Sirimon hubaki na maji haba, maangavu, yapitayo kati ya mawe makavu. Huu ndio wakati wa taabu kwa mvuvi wa mshipi, atumiaye nzi wa bandia aliyefungwa kwa uzi na manyoya. Trauti humwona angali mbali, naye hukimbilia vilindini, chini ya maporomoko na vivuli vya miti.

Hatusemi haya kwa kuwahurumia wapenda starehe. Trauti ni mgeni: aliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 na kutiwa katika Mto Gura, milima ya Nyandarua, ili walowezi wapate burudani. Wenye mito hawakuulizwa. Hata hivyo, mgeni huyu leo amekuwa shahidi wetu. Yeye hustawi katika maji baridi yenye oksijeni tele. Maji yakipita nyuzi 20 za sentigredi hudhikika. Yakifikia 25 hivi huweza kufa. Kadiri mto upunguavyo, ndivyo jua liupashavyo moto upesi, na maji ya vuguvugu hayashiki oksijeni nyingi. Basi trauti atwetaye hutupa habari ya mto kabla haujakauka.

Mvuvi ana wajibu. Na avue alfajiri, maji yangali na baridi ya usiku. Jua likipanda, aukunje mshipi wake. Asijidanganye kwamba kila samaki arudishwaye majini amenusurika. Akiisha kupigana na ndoana katika maji ya vuguvugu, aghalabu hufa baadaye, pasipo mtu kumwona.

Lakini wajibu mkubwa zaidi u juu ya wenye mabomba. Wapo wavutao maji mchana kutwa kumwagilia mashamba, wakapita kipimo cha vibali vyao. Na wengine hawana kibali kabisa. Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na baada yake ile ya 2016, zilivitambua vyama vya watumiaji maji, ambavyo hupanga zamu wakati wa uhaba. Zamu hizo na ziheshimiwe, na mwenye shamba pana asipendelewe kuliko mwenye bustani ya sukuma wiki. Mito hii huingia Ewaso Ng'iro, na huko chini Samburu wafugaji hungoja kile tulichokisaza sisi wa juu.

Dini hutufunza kwamba israfu ya maji ni kosa hata kwa atawadhaye kando ya mto utiririkao. Sembuse mto uliobaki mchirizi!

Masika hayajafika. Mpaka yafike, mshipi na ukunjwe mapema, na bomba lifungwe kwa zamu. Trauti akifa leo kwa joto, kesho ng'ombe atakufa kwa kiu.