Maradhi Mawili, Mfuko Mmoja: Kumtibu Mtoto Mkubwa Mwenye Uraibu

Ukiwa na kijana wa miaka 28 anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na juu yake anavuta unga, kila mtu ana mahali pa kukuelekeza. Jirani atataja soba hausi, shemeji atataja hospitali ya Mirembe, wa msikitini au kanisani watataja dua, na kijana mwenyewe ataomba elfu mbili ya leo tu. Zote hizo zina bei, hata hiyo elfu mbili: kwa mwezi ni 60,000, bila kuhesabu mtungi wa gesi uliokwishauzwa. Hapa tunalinganisha kwa macho ya mzazi wa Dar es Salaam, na kipimo ni kimoja: pesa hii inatibu maradhi yote mawili, au inatibu moja na kuliacha la pili lije kuharibu kazi?

Tuanze na kinachoitwa bure. Methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, hailipiwi. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, Mwananyamala na Temeke wakafuata, Zanzibar wakaanza Kidongo Chekundu mwaka 2015, na leo kliniki zipo katika mikoa kadhaa. Kwa kawaida mgonjwa anakunywa dozi yake mbele ya mtoa dawa, kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Hapo ndipo gharama ilipojificha. Chukua nauli ya shilingi 600: kwenda na kurudi ni 1,200, kwa mwezi 36,000. Miezi ya mwanzo hutamwacha aende peke yake, maana njiani kuna vijiwe. Wawili ni 72,000. Mkipanda magari mawili kufika, inakuwa 144,000. Weka nauli ya kwako, kisha ongeza asubuhi za mama aliyefunga genge ili amsindikize. Na tiba hii ni ya miaka, kwa hiyo usiipigie hesabu ya mwezi mmoja.

Hata hivyo, kwa anayetumia heroini, yaani unga, hapa ndipo ningeanza. Arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, inatulia, mikopo ya kete inakoma, na kliniki nyingi ziko ndani ya hospitali, kwa hiyo daktari wa akili hayuko mbali. Wape orodha ya kila kidonge anachomeza. Carbamazepine, kwa mfano, ambayo wengi hupewa kwa kifafa au kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, huipunguza nguvu methadoni mwilini. Kijana atarudi kwenye arosto na nyumbani mtasema dawa imeshindwa. Ila methadoni ni ya heroini na jamii yake. Bangi, mirungi na pombe haina la kuzifanya, na usikubali kuuziwa maneno kinyume cha hapo.

Hospitali ya serikali kwa upande wa akili nayo ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Kwa sera, maradhi ya akili yamo katika orodha ya magonjwa ya kudumu yanayopewa msamaha, lakini msamaha hauji wenyewe. Lazima upite kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, na uende na barua ya serikali ya mtaa. Kinachouma ni pale dirisha la dawa linaposema "hakuna, katafute nje". Kabla hujatoka, muulize daktari kuhusu dawa mbadala. Dawa za zamani kama haloperidol ni rahisi kuliko olanzapine au risperidone, lakini zinaweza kumkaza mtu mwili, kumpinda shingo na kumtoa mate, naye akaziacha. Olanzapine haimkazi sana, bali inaongeza unene na inaweza kupandisha sukari. Kwa kijana anayetema vidonge chooni, sindano ya fluphenazine ya kila wiki chache mara nyingi ndiyo pesa iliyokaa mahali pake, kwa sababu haihitaji ugomvi wa kila usiku. Na vile vidonge vya benzhexol vya kulegeza mwili, vitunze wewe. Navyo vinatafutwa vijiweni.

Bima? Ukitegemea kadi yako, soma masharti ya umri. Akishapita umri wa mtegemezi, kadi ya mzazi haimjui tena, hata kama analala chumba cha pili na kula chungu kimoja nanyi.

Soba hausi ndiyo inayomeza akiba za wazazi, na tofauti kati ya moja na nyingine ni kubwa. Zipo zinazosimamiwa na watu walioacha unga, wanaomjua teja hadi anavyopumua akidanganya, na hilo daktari hana. Lakini zipo zinazoamini kwamba kuacha ni kuacha kila kidonge, dawa za akili zikiwemo. Kwa kijana wako, hiyo ni ada ya kununua kichaa upya. Uliza kabla ya kulipa: dawa zake za akili nani atampa, saa ngapi, na nani ataandika? Daktari anakuja lini? Akianza kusikia sauti usiku, anapelekwa hospitali gani, na kwa gari la nani? Akisitasita mwenye nyumba, beba begi la kijana mrudi.

Mlevi wa gongo au konyagi ambaye hajaonwa na mhudumu wa afya asipelekwe soba hausi moja kwa moja. Kuacha pombe ghafla kwa aliyeizoea kunaweza kuleta degedege na kuweweseka ndani ya siku chache, na watu hufa. Siku hizo za mwanzo ni za hospitali. Kitanda cha wiki moja huko ni rahisi kuliko mazishi. Unga nao una mtego wake: aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili umeshasahau, na kipimo kilekile cha zamani kinaweza kumuua siku ya kwanza akirudi mtaani. Ndiyo maana siipendi hesabu ya mzazi anayelipia mwezi mmoja, anapumzika, kisha analipia mwingine mwakani.

Kwa mganga na kwenye maombi sina ugomvi na imani ya mtu. Nalalamikia malipo ya mafungu: leo mbuzi, kesho kitambaa, keshokutwa sadaka ya kufungua njia, na hakuna anayejumlisha. Jumlisha. Dua inayomruhusu kuendelea na sindano yake haigharimu kitu cha ziada. Pale wanapomzuia dawa, au wanapofunga watu minyororo, mchukue siku hiyohiyo. Mgonjwa asiyekubali kutibiwa ana njia yake hospitalini chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, ndugu wakiomba, mnyororo haumo.

Kwa hiyo ukiwa na, tuseme, milioni moja, usiimalize mlangoni. Ikiwa ni soba hausi, lipa mwezi kwa mwezi, dai risiti, na tenga nauli na dawa za miezi mitatu baada ya kutoka kabla hujalipa hata shilingi ya kwanza ya ada. Deni la kete usililipe kwa kumpa yeye pesa mkononi. Na pesa ya nauli ya kliniki mpe anayemsindikiza.