Dubu na Mbwa: Undugu wa Mbali, Hatari ya Karibu

Dubu na mbwa wako katika tawi moja la wanyama wala nyama, mbali na tawi la paka, simba na fisi. Hata hivyo, jeni zinaonyesha kwamba nasaba zao ziliachana zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Upande mmoja walitokea mbwa, bweha na mbwamwitu. Upande wa pili dubu, sili, fisimaji na nyegere. Kwa hiyo nyegere wa nyika za Afrika Mashariki ana undugu wa karibu zaidi na dubu kuliko mbwa.

Tofauti zinaonekana hata kwenye nyayo: mbwa hutembea kwa vidole, ilhali dubu hukanyaga kwa wayo mzima wa mguu wa nyuma, kama mtu. Mbwa ana kromosomu 78, dubu wengi 74, na wawili hao hawawezi kuzaliana.

Tofauti kubwa zaidi ni ya tabia. Kwa miaka isiyopungua 14,000 watu wameishi na mbwa, wakiwabakiza wapole kizazi baada ya kizazi, mpaka upole ukawa wa kurithi. Dubu hakupitia njia hiyo. Mtoto wa dubu aliyelelewa kwa chupa humzoea mlezi wake, lakini akikomaa hubaki mnyama wa porini. Wachezesha dubu wa India walilijua hilo: waliwang'oa meno na kuwatoboa pua ili wapitishe kamba. Huko Alaska, Timothy Treadwell alikaa karibu na dubu kwa majira 13 ya kiangazi. Oktoba 2003 yeye na mwenzake waliuawa na dubu.

Mbwa naye hudhuru, hasa kwa kuwa amezoeleka. Anayekula, anayelala au anayenyonyesha huweza kuuma ghafla, hata nyumbani kwao. Kukakamaa mwili, kukaza macho na kuonyesha chonge ni onyo. Mkia unaotikisika si lazima uwe dalili ya furaha.

Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona. Aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali kupata chanjo. Mbwa wa nyumbani naye achanjwe kila inapotakiwa.